Casimir Leon Dombek (1948–2023), Dhidi ya Mji wa Corvin Mills

Casimir Leon Dombek, ambaye leo tunamlaza hapa akiwa bado anangoja mahakama ya shirikisho imjibu swali moja tu, alizaliwa tarehe 19 Novemba 1948 mjini Corvin Mills, Ohio. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Leon Dombek, fundi wa tanuru kiwandani, na Stefania, mama wa nyumbani. Alizaliwa wiki mbili baada ya siku aliyotarajiwa, na dada yake Wanda anasema hiyo ndiyo mara pekee maishani mwake alipowachelewesha wengine. Tangu hapo ilikuwa zamu ya wengine kumchelewesha yeye.

Swali lenyewe, kwa faida ya wageni waliotoka mbali, ni hili: je, mji unaweza kumkataza mtu kusimamisha bango kwenye majani ya mbele ya nyumba yake kwa sababu tu haupendi kilichoandikwa? Basi. Ni swali la mstari mmoja, na Katiba imelijibu kwa sentensi moja, katika Marekebisho ya Kwanza. Kati ya swali na sentensi hiyo Marehemu alitembea miaka sita na hakufika.

Alisoma shule ya parokia na kumaliza sekondari Juni 1966. Hakuwa mwanafunzi wa kutolewa mfano, na familia imeomba pasisemwe zaidi ya hapo, ila Wanda amesisitiza jambo moja lisiachwe. Katika somo la uraia, Sista Klotylda alieleza kwamba serikali ina mihimili mitatu na kila mmoja unauchunga mwenzake usilale. Casimir akanyoosha mkono. "Sista, siku yote mitatu ikilala kwa pamoja, mtu anamwamsha nani?" Alipelekwa kusimama koridoni hadi kengele ilipolia.

Mwaka 1968 aliitwa jeshini na kupelekwa Ujerumani, ambako kwa miaka miwili aliandika namba kwenye malori. Alirudi na ufundi mkononi. Kuanzia 1971 hadi alipostaafu mwaka 2013 alikuwa mwandishi wa mabango wa mji huu. Vinyozi, maduka ya dawa, baa zote mbili, gari la zimamoto: herufi zote ni mkono wake. Hata kibao cha KARIBU CORVIN MILLS pale barabarani ni chake, na jina la Ofisi ya Meya juu ya kioo cha mlango ni lake pia. Mji ulipenda sana mwandiko wake alipokuwa anaandika wanayoyataka.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Lorene Ackley, binti wa mwoka mikate. Walikutana alipoitwa kuandika neno MKATE kwenye dirisha la duka. Aliandika Jumatatu, akafuta. Jumanne akaandika tena, akasema kivuli cha herufi hakijakaa sawa. Jumatano baba yake Lorene alitoka nje na unga mikononi.

"Kijana, hivi mkate una herufi ngapi?"

"Tano, mzee."

"Na binti yangu ana macho mangapi, maana naona hayo ndiyo unayoyahesabu?"

Walijaliwa watoto wawili, Bernadette na Roland, na waliishi nyumba ile ile ya Mtaa wa Kilbourne hadi Jumamosi iliyopita.

Sasa tunafika kwenye kesi. Kaeni vizuri.

Mwaka 2016 baraza la mji lilipitisha sheria ndogo: bango mbele ya nyumba ni marufuku, isipokuwa la kuuza nyumba, au la mgombea wakati wa uchaguzi. Mei 2017 maji ya bomba yaligeuka rangi ya chai, na Marehemu akasimamisha bango lake. MAJI YETU YANANUKA. MEYA ANAKUNYWA YA CHUPA. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, kazi safi. Meya Garland Fitch, ambaye tunamshukuru kwa kufika leo, safu ya nne, hakulipenda. Mji ukaleta barua ya onyo.

Marehemu akamtafuta wakili Adelaide Stroup, naye akaipeleka kesi mahakama ya shirikisho. Huko mwanasheria wa mji alisimama bila kuona haya akasema ile haikuwa barua ya onyo, ilikuwa ukumbusho wa kirafiki. Jaji akaafiki. Mtu huyu hajatozwa faini, hajaguswa, hajaumia. Na mahakama ya shirikisho haiwajibu watu ambao hawajaumia. Rudi nyumbani.

Basi Marehemu akatoka kwenda kutafuta kuumizwa. Thelma wa dawati la mbele pale ofisi ya mji, aliyesoma naye darasa moja, anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri.

"Nimekuja kupigwa faini," Marehemu alisema.

"Cas, faini haiagizwi kama kahawa."

"Bango liko nje mwezi wa saba huu. Nimevunja sheria. Nipigeni."

"Mwanasheria amesema tusikuguse."

"Kwa hiyo navunja sheria bure?"

"Unavunja bure kabisa. Nenda kamsaidie Lorene kupalilia, babu wewe."

Hakwenda kupalilia. Aliisoma ile sheria upya, akaona mabango ya kuuza yanaruhusiwa, akasimamisha la pili kando ya la kwanza. INAUZWA, kwa herufi kubwa kama mtu, na chini yake kwa herufi ndogo: subira yangu, imetumika sana, imebaki kidogo. Hapo mji ukashindwa kujizuia. Faini ya dola hamsini ilifika Februari 2018, na Lorene alioka pai ya tufaha kwa furaha ya mumewe, ingawa yeye mwenyewe hakufurahi hata kidogo. Mabango yote mawili yalikuwa yamekaa juu ya maua yake.

Wakakimbia tena kwa jaji na faini mkononi. Jaji akaitazama. Vema, akasema, sasa umeumia. Lakini faini hii ina shauri lake linaloendelea katika mahakama ya mji, na mahakama ya shirikisho haiingilii mashauri ya mahakama za jimbo na miji yake yakiwa njiani. Malizeni huko kwanza. Huko kwanza palikuwa na hakimu aliyeahirisha shauri kwa sababu ya msimu wa kuwinda paa, akaahirisha kwa sababu ya bomba lililopasuka, kisha ikaja korona ikaahirisha dunia nzima. Shauri lilipoitwa hatimaye, Aprili 2021, Marehemu akiwa amevaa suti hii hii aliyovalishwa leo, mji ulisimama asubuhi hiyo ukafuta faini, na usiku uliotangulia baraza lilikuwa limeifuta sheria yenyewe. Jaji wa shirikisho akaandika kwamba hakuna sheria, hakuna faini, kwa hiyo hakuna tena ugomvi wa kuamuliwa. Kesi imekufa.

Julai mwaka huo huo baraza liliipitisha sheria ile ile, neno kwa neno. Zamani iliitwa sheria ya mabango. Sasa ikaitwa sheria ya mandhari. Safari hii hawakuleta ukumbusho wa kirafiki. Walileta wafanyakazi wawili na koleo, wakaling'oa bango la maji, na liliporudishwa baada ya Wakili Stroup kupiga kelele, lilikuwa limevunjika mguu.

Bernadette alikuwepo siku baba yake alipomkalia wakili kooni.

"Kabla ya faini, nimewahi mno. Nilipopigwa faini, ningoje. Nilipomaliza kungoja, nimechelewa. Sasa niambie, mwanangu, saa ya kuja mahakamani ni ipi?"

"Mzee Dombek, ningeijua ningekuwa jaji."

"Wewe kweli umesomea haya?"

"Kwa mkopo, na bado naulipa. Sikiliza. Safari hii tutadai dola moja."

"Dola moja? Hata kahawa siku hizi hupati."

"Dola moja kwa kuling'oa bango lako. Hilo limeshatendeka. Wakiifuta sheria kesho, hawawezi kufuta kwamba walikung'olea. Kesi itakuwa na mahali pa kushikia, hawataiua tena kwa kura ya baraza."

Marehemu akasema, "Sheria hii ina wazimu, lakini nimeanza kuuelewa."

Septemba 2022 jaji alisikiliza pande zote mbili hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Akashukuru, akasema uamuzi utatolewa kwa wakati wake. Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo familia hii imesikia kutoka kwake.

Oktoba mwaka huo mapafu ya Marehemu, yaliyovuta rangi na sigara kwa miaka mingi kuliko yalivyovuta hewa safi, yalianza kumwangusha. Alilazwa mara mbili, kisha akaletwa nyumbani na mtungi wa oksijeni. Alivumilia maumivu kwa utulivu. Asichovumilia ni kimya cha mahakama. Kila simu ilipolia aliinua shingo. "Ni Adelaide? Jaji kasema?" Lorene alimjibu siku moja, "Cas, ukimtaja tena huyo jaji nafunga huu mtungi." Akacheka hadi akakohoa, naye Lorene akamshika mgongo, akamshika hivyo mara nyingi miezi hiyo. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, tarehe 4 Machi 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Jaji alikuwa bado hajasema.

Wakili Stroup alifika siku hiyo hiyo kutoa pole, na kwa upole akaeleza lililobaki. Mdai akifa, lazima mtu aombe kusimama mahali pake. Asipotokea mtu, kesi inatupwa, na lile swali linazikwa pamoja na aliyeliuliza.

"Basi itupwe," Lorene alisema. "Adelaide, nisamehe. Miaka sita nimekuwa mke wa kesi. Niacheni sasa niwe mjane wa mtu."

Roland alikubaliana na mama yake. Bernadette alilia, lakini hakubisha. Bango lilikwisha kuwekwa kando ya mapipa ya taka, na Wakili Stroup alikunja makaratasi yake akaenda. Kwa hiyo kila aliyeko hapa ajue: Jumamosi jioni mji wa Corvin Mills ulikuwa umeshinda. Haukuhitaji kufanya lolote. Ulihitaji kukaa kimya tu, kitu ambacho jaji amekiweza kwa miezi sita bila jasho.

Jumanne tulikuwa nyumba ya mazishi kumuaga. Shada la maua kutoka ofisi ya mji lilisimama mbele, juu ya miguu ya mbao, lenye utepe wa maandishi ya dhahabu, na kwa vipimo vya sheria yao wenyewe lilikuwa bango kamili. Watu walipanga foleni kumpa Lorene mkono. Katikati ya foleni alikuwepo bwana mmoja wa makamo, koti safi, ambaye hakuna aliyemjua. Kila mmoja alidhani ni ndugu wa upande wa pili wa familia. Alipofika kwa Lorene aliinamisha kichwa.

"Pole sana, mama. Wewe ndiye Lorene Dombek?"

"Ndiye, asante. Mlifahamiana na Cas kazini?"

"Hapana, mama." Akamtia bahasha mkononi, mkono ule ule uliokuwa umeshika leso. "Umekabidhiwa hati ya mahakama. Pole tena." Akaondoka kupitia mlango wa kando, na Wanda anaapa kwamba alichukua biskuti.

Ilikuwa taarifa ya mwanasheria wa mji kwa mahakama kwamba mdai amefariki. Kanuni inasema taarifa hiyo ikishakabidhiwa kwa familia, siku tisini zinaanza kuhesabiwa, na zikiisha bila mtu kujitokeza, kesi inafutwa. Taarifa ile haina haraka yoyote. Ingeweza kungoja wiki, ingeweza kungoja maua yanyauke. Lakini kuna mtu pale ofisini ambaye hakuweza kumwacha Casimir Dombek afe kwa mwendo wake mwenyewe.

Lorene aliisoma amesimama, mbele ya jeneza. Aliisoma mara mbili. Kisha akauacha mstari wa watu wote wale, akavuka ukumbi hadi alipokuwa amekaa Wakili Stroup na sahani ya kabichi iliyojazwa nyama.

"Adelaide, weka chini uma. Huyo mtu wa kusimama mahali pake anatakiwa awe na sifa gani?"

"Awe mrithi wake. Ungetosha wewe. Lakini Lorene, ulisema—"

"Najua nilichosema. Kesi inaendelea kuwa ya dola moja?"

"Moja."

"Nikishinda, wanaileta kwa mkono? Wapange foleni?"

"Wataleta hundi, nadhani."

"Na makaratasi mtabadilisha nini?"

"Jina la kwanza tu. Palipoandikwa Casimir tutaandika Lorene."

"La ukoo liacheni lilivyo. Nimelivumilia miaka arobaini na minane, nao watalivumilia."

Ombi liliwasilishwa mahakamani jana, Jumatano, kabla ya chakula cha mchana.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Leon na Stefania. Ameacha mjane, Lorene, ambaye ndiye mdai, binti yake, Bernadette, mwanawe, Roland, ambaye bado anaona huu wote ni wazimu lakini ndiye aliyeligongea bango mguu mpya jana jioni, wajukuu watatu, na dada yake, Wanda. Baada ya maziko mnakaribishwa ukumbi wa parokia kwa soseji na pai. Meya Fitch, na wewe pia; chupa za maji zipo.

Mungu ampe Casimir pumziko la amani, na jaji ampe Lorene jibu.