Kasyoka wa Tulia na Mazoezi Yaliyokatizwa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko dukani, na nyinyi mlioegesha malori pale Mtito Andei mkinywa chai, karibuni. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Kasyoka. Kasyoka alikuwa mpiga mbizi, mwokoaji wa majini, mzaliwa wa Tulia hapa Kitui.

Najua unajiuliza. Mpiga mbizi wa Tulia, huku kwetu ambako mito mingi ni mchanga mtupu? Hata mama yake aliuliza hivyo hivyo.

Kasyoka alienda Diani kutafuta kazi. Akaanza kwa kuosha nguo za mpira za watalii wanaozamia baharini. Mwalimu mmoja akaona anavyoyatazama maji, akamfundisha kuogelea, kisha kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Mwishowe akafanya kozi ya uokoaji, akapata cheti. Halafu mama yake akaanza kuumwa miguu, naye akarudi nyumbani.

Akapata kazi Mtito Andei, katika loji moja yenye kidimbwi cha kuogelea. Huko akamjua Keinan, dereva wa lori, mtoto wa mwenye duka pale mjini. Keinan naye alikuwa amesomea uokoaji wa majini, Mombasa. Wakamwongeza Muthama, fundi wa pikipiki, awe wa kushika kamba ukingoni. Watu watatu tu. Mtu akizama kwenye silanga, yale mabwawa ya kuchimbwa ya maji ya mvua, Makueni au Kitui, hao ndio walioitwa.

Shikeni hili, wasikilizaji. Cheti walikuwa nacho, Kasyoka na Keinan, wote wawili. Lakini Kasyoka alikuwa na msemo wake: "Cheti hakiogelei."

Basi wageni wa loji wakishatoka, Kasyoka alijitupa kidimbwini, akajilegeza kabisa kama mtu aliyezimia. Keinan alishuka kumtoa. Akikosea, wanarudia. Kasyoka alisisitiza jambo moja kuliko yote. Mzamiaji huvaa mkanda wa vyuma vizito kiunoni, ndio unaomshusha chini. Ukimfikisha mtu juu, kabla ya kumvuta popote, fungua huo mkanda, uache uzame. "Uzito kwanza, Keinan! Mbona unanivuta kama gunia? Uzito kwanza!"

Kisha ukaja ukame. Kisima cha loji kikapungua, kidimbwi kikakaushwa, wakaweka viti vibovu humo ndani. Keinan naye akapata safari ndefu za kaskazini, kupeleka bidhaa. Mazoezi yakafa. Kasyoka alimpigia simu mara nyingi. "Hata nchi kavu, Keinan. Tufanye mikono tu." Keinan alijibu, "Nikirudi, dada. Nikirudi."

Dada mkubwa wa Kasyoka, Kalekye, ananiambia hivi: "Akija nyumbani alikuwa ananilaza hapo uwanjani, ananivalisha ule mkanda, anafunga macho, anaufungua. Majirani wanacheka. Mimi nikamwambia, wee, utaniua na hivi vyuma."

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu mvua ikanyesha, mvua ile tuliyoiomba. Masilanga yakajaa. Kwenye silanga moja si mbali na Tulia, mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Ndululu aliingia kumwokoa ng'ombe wake. Ng'ombe akatoka. Ndululu hakutoka.

Kasyoka aliitwa. Keinan akafika na mitungi, Muthama na kamba. Ukingo ulikuwa umejaa watu, na mke wa Ndululu, Kanini, amekaa kwenye matope. Kasyoka akasema, "Hatujafanya hii kitu siku nyingi. Kwanza tupitie hapa juu."

Wakaanza. Watu wakapiga kelele. "Mtu yuko ndani, nyinyi mnacheza na mikanda?" Wengine wakaanza kuokota mawe. Kasyoka alimtazama Kanini pale alipokaa, akavaa barakoa yake ya kuzamia. Mazoezi yakakatizwa. Wakaingia.

Maji yale yalikuwa kama uji wa wimbi. Huoni hata kiganja chako. Kasyoka alimpata Ndululu kwa kupapasa, akamfunga kamba. Alipogeuka, mguu wake ukanaswa na seng'enge ya ua wa zamani, ua uliofunikwa na maji. Keinan akamfuata, akaikata ile waya. Ilichukua muda. Hewa ya Kasyoka ikaisha. Keinan akampa mpira wake wa akiba wa kupumulia, akampandisha. Walipotokea juu, Kasyoka alikuwa amelegea.

Keinan mwenyewe anasema: "Nilimshika kwapani nikaanza kupiga miguu. Akawa anashuka. Namwinua, anashuka. Nilijua kuna kitu cha kwanza. Nilijua kipo. Hakikuja."

Pale ukingoni watu walikuwa wengi sana, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Muthama hakuwa na kamba nyingine. Iliyokuwepo ilikuwa kwa Ndululu. Kalekye alikuwepo. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka: "Uzito! Keinan, uzito!" Lakini watu wote walikuwa wanalia na kuomba Mungu, na Keinan hakusikia.

Keinan alifika naye ukingoni, mkanda ukiwa bado kiunoni mwa Kasyoka. Wakamkandamiza kifua. Wakampulizia pumzi. Hakurudi.

Siku ya mazishi, Kanini alikuja, naye akiwa mjane wa siku chache. Alisema maneno machache tu. "Alinipatia bwanangu nikamzika. Sina kitu ya kumrudishia."

Keinan alibaki nje ya lango. Watu walimwita, akakataa. Mwishowe mama mzazi wa Kasyoka akatoka mwenyewe, na miguu yake ile mibovu, akamfuata pale kwenye vumbi. Hakumlaumu. Alimuuliza swali moja. "Mwanangu, huko chini alijua uko naye?"

Keinan akajibu, "Alinishika mkono, mama. Alinishika kwa nguvu. Halafu akaachilia."

Mama akaketi chini pale pale langoni, Keinan akaketi kando yake. Hakuna aliyejua la kufanya. Chakula kikapoa.

Mama, pole. Kalekye, pole sana. Kanini, pole. Na wewe Keinan, popote ulipo barabarani leo, pole, ndugu yetu.

Wasikilizaji wapendwa, wapo kati yetu waliojifunza kuokoa. Kuzima moto, kuzalisha, kumsaidia anayekabwa na chakula, kuogelea. Cheti kipo ukutani. Mara ya mwisho kufanya ni lini? Usinijibu mimi. Simama hapo ulipo, mwite mtu wa nyumbani, mjaribu pamoja.

Kasyoka alikuwa na miaka thelathini na minne. Amelala Tulia, kando ya baba yake.