Wasifu wa Mwalimu Umejuaje, Aliyekataa Kuikana Sauti Yake

Ndugu, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake, kabla sijaanza nina ombi. Tangu jana jioni kuna wasifu mwingine wa marehemu unaozunguka kwenye simu. Umeandikwa vizuri kuliko huu. Unasema alisoma ng'ambo, alijaliwa watoto watatu, na alipenda sana bustani. Mwanangu alitaka kunisaidia. Aliipa akili mnemba mistari miwili, yenyewe ikajaza iliyobaki, na kabla hajaupitia akawa ameshautuma kwenye kundi la ukoo. Dada yangu hakuwahi kupanda ndege, alizaa mara moja, na kila ua alilopewa lilimfia. Mliopokea, naomba mfute. Huu nimeuandika kwa mkono wangu, mimi mdogo wake, yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Pale nisipojua, nimesema sijui.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa mshika bendera wa stesheni na mama mshonaji. Kitambulisho chake kinasema 1968. Mama alishikilia 1966 mpaka anakufa. Baba naye alishikilia 1968, kwa sababu ndivyo alivyoandikisha, na tulipomuuliza kwa nini aliandikisha hivyo, alisema karani alikuwa na haraka. Kwenye ukurasa wa mbele tumechapa 1966. Tumemfuata mama, maana yeye ndiye aliyekuwepo.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, 1980 hadi 1985. Siku zile sukari ilifungwa kwenye gazeti. Akitumwa dukani, alikuwa hamimini sukari kwenye kopo mpaka kwanza asome ile karatasi, halafu anauliza nusu nyingine ya habari iko wapi. Siku moja mama, kwa kuchoshwa, alimwambia nusu nyingine imefungia chumvi ya jirani. Akaenda kwa jirani. Alirudi na nusu nyingine, ila ilikuwa ya gazeti la mwezi uliotangulia, na alikaa siku mbili akijaribu kuziunganisha.

Mwaka 1987 aliajiriwa kuwa msahihishaji kwenye gazeti. Nilikuwa nikimpelekea chakula: chumba cha ghorofa ya tatu, dirisha moja lisilofunguka, meza mbili, na karatasi ambazo wino wake ulikuwa bado unachafua vidole. Kazi yake ilikuwa kusoma kila neno kabla halijachapwa. Mwezi wa Aprili 1991 alipitisha habari fupi iliyosema duka la fundi redio, mtaa wa sokoni, limeteketea na redio zote za wateja. Hakuna herufi iliyokosewa. Kilichokosewa ni duka. Lililoungua lilikuwa la magodoro, la jirani yake.

Asubuhi ile watu wapatao arobaini walijazana kwa fundi, kila mmoja anadai redio yake, na wengine walizitambua rafuni zikiwa nzima na bado wakaendelea kudai, kwa kuwa gazeti limesema zimeungua. Siku ya pili marehemu alikwenda mwenyewe, bila kutumwa na mhariri. Fundi alimfungulia mlango akamwambia, "Karibu ndani. Angalia usije ukaungua."

Alirudi Jumamosi tatu mfululizo kumsaidia kufunga vikaratasi vya majina kwenye redio. Tarehe 22 Agosti 1992 walifunga ndoa. Fundi huyo ndiye shemeji yangu, yule pale aliyeketi, na mwaka 1995 walimpata binti yao wa pekee.

Gazeti lilifungwa 1998. Marehemu alikwenda chuo cha ualimu akiwa mama mtu mzima kati ya wasichana waliomwita shangazi, na mwaka 2001 akaanza kufundisha lugha katika sekondari ambayo hakuihama tena. Mwaka 2014 aliomba apewe kipindi cha ziada cha kufundisha kusoma habari. Alipewa Ijumaa mchana, saa ambayo hakuna mwalimu anayeitaka. Humo darasani ndimo alimopata jina lake. Mwanafunzi akisema jambo lolote, hata kwamba mvua itanyesha, yeye alimjibu, "Umejuaje?" Wakaanza kumwita Mwalimu Umejuaje. Wapo wazazi waliodhani ndilo jina la ukoo wetu.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa nieleze somo la simu tano. Marehemu aliazima simu za walimu watano, akazipanga juu ya meza, akawaambia wanafunzi waandike neno moja kwenye zote: afya. Simu yake ilileta habari za kisukari. Ya mwalimu wa hesabu ilileta mazoezi ya mgongo. Ya mwalimu mkuu, ambaye mnamwona alivyo, ilileta dawa saba za kuotesha nywele. Darasa lilicheka hadi darasa la pili likaja kuchungulia. Yeye aliwaacha wacheke, kisha akawaambia kwamba mtandao una hesabu zake za kumjua kila mtu anachotazama, nao unampakulia hicho hicho, sahani baada ya sahani. Alisema mtu anayekupakulia bila kukuuliza kama umeshiba, mwangalie vizuri, anataka usiinuke mezani.

Hakujifanya mjuzi. Picha za akili mnemba zilipoanza kuenea, aliwafundisha wanafunzi kuhesabu vidole, kwa sababu mashine ilikuwa inakosea mikono. Waliandika kwenye madaftari. Mwaka uliofuata mashine ikajifunza mikono. Alisimama mbele ya darasa lile lile akawaambia wafute ukurasa mzima, na mwanafunzi mmoja alipomuuliza sasa waandike nini badala yake, alisema bado hajui, waache nafasi. Ninayo moja ya madaftari yale. Nafasi ipo mpaka leo.

Ugonjwa ulianza mwanzoni mwa 2023. Kwanza kichwa, kisha maneno kumpotea, kisha siku kumchanganya. Alilazwa tarehe 10 Juni 2024, wodi ya ghorofa ya nne, na kipimo kikaonyesha mishipa midogo ya damu kichwani inaziba mmoja mmoja. Daktari alituambia ni viharusi vidogo vidogo, na kwamba kuna siku atakuwa mzima kabisa na kuna siku atazungumza na watu wasiokuwepo. Alitoka tarehe 15.

Ijumaa tarehe 21 ikavuma sauti kwenye simu za watu. Dakika moja na sekunde kumi. Mwanamke anasema yeye ni mwalimu, ametoka sasa hivi ofisini kwa mwalimu mkuu, na ameona kwa macho yake bahasha za mtihani zimefunguliwa ili zikauzwe. Niliisikiliza nikiwa kazini. Ilikuwa sauti ya dada yangu. Ule mkwaruzo wake, ile namna yake ya kumeza mate kabla ya neno zito. Kufikia jioni mwalimu mkuu alikuwa amesimamishwa, na wazazi walikuwa getini.

Familia ilichanganyikiwa, nami sitaficha. Binti yake alisema ni ya kutengenezwa, kwa kuwa somo la simu lilirekodiwa mara nyingi na sauti yake ilikuwa imezagaa mtandaoni, yeyote angeweza kuichota na kuilisha mashine. Mimi nilisema hivyo hivyo, ila moyoni sikuwa na hakika. Tulimpa shemeji, mtu ambaye maisha yake yote ni spika na nyaya. Aliweka vipokea sauti masikioni akasikiliza mara sita. Alipovivua alisema, "Nimeishi na sauti hii miaka thelathini na miwili. Sijui."

Marehemu aliitwa mbele ya kamati ya shule Jumatatu tarehe 24 Juni, kwenye chumba cha walimu. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa kuwa ngazi zilikuwa zinamtisha. Njiani nilimsihi aseme neno moja tu, siyo mimi, tumalize. Kila mtu chumbani alilingoja neno hilo, mwalimu mkuu kuliko wote. Walikuwa marafiki miaka ishirini. Walimchezea ile sauti. Akaomba waicheze tena. Kisha akasema haya, ambayo niliyaandika siku hiyo hiyo:

"Sauti ni yangu. Kuyasema sikumbuki. Lakini kuna mengi sasa siyakumbuki. Siwezi kuikana kwa sababu tu natamani isiwe mimi."

Mwalimu mkuu aliinuka akatoka. Mimi nilimkasirikia dada yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Kwenye ngazi nilimwambia amemzika rafiki yake akiwa hai kwa ajili ya kanuni ya darasani. Yeye alikuwa anatafuta kidato cha kukanyaga, amenishika mkono. Nimeomba nafasi hii leo pia ili niseme kwamba sikumwomba radhi kwa maneno yale, na sasa nimechelewa.

Wanafunzi wake wa kidato cha tatu ndio waliofanya tusichokifanya. Hakuna aliyewaagiza. Walichukua daftari jipya wakaanza kumuuliza kila aliyeipokea ile sauti: nani alikutumia, na saa ngapi? Wakaenda kwa huyo, wakamuuliza yale yale. Walirudi nyuma hivyo simu kwa simu, wazazi, wauza duka, fundi cherehani, mpaka wakafika kwa mtu ambaye nyuma yake palikuwa na namba isiyopatikana tena. Simu ya mtu huyo ilionyesha sauti imeingia Jumatano tarehe 12 Juni, saa kumi na dakika arobaini jioni.

Tarehe 12 marehemu alikuwa kitandani ghorofa ya nne. Asingeweza kuwa ametoka sasa hivi katika ofisi ya mtu yeyote. Bahasha za mtihani nazo zilipokaguliwa zilikutwa na lakiri zake zote, hazijafunguliwa. Tarehe 8 Julai mwalimu mkuu alirudishwa kazini.

Hapo ndipo ningependa kuishia. Lakini wanafunzi wale walikuwa wamefundishwa na yeye, wakaenda hadi hospitali. Muuguzi wa zamu aliwaambia kwamba Jumatano ile mgonjwa hakuwa sawa. Alikuwa na simu yake mkononi muda mrefu, akizungumza, na alimwambia muuguzi ametoka shuleni sasa hivi. Simu hiyo ilikuja kuharibika kwa maji, shemeji akashindwa kuifufua. Kwa hiyo tunajua kwamba lililosemwa halikuwa kweli. Nani alilisema, mashine ya mtu mbaya au ubongo wa dada yangu ukimdanganya, hatujui. Wanafunzi walimletea daftari nyumbani. Alilisoma lote, ukurasa wa muuguzi aliusoma mara mbili, akawaambia wamefanya vizuri kutouchana.

Mwalimu mkuu alikuja mwezi wa Septemba. Aliketi sebuleni bila kuvua koti. Aliuliza jambo moja tu, kama siku ile mbele ya kamati alimtilia shaka. Siku zile maneno yalikuwa yanamjia dada yangu kwa shida.

"Wewe sikukutilia shaka," alisema. "Nilijitilia mimi."

Mwalimu mkuu akavua koti. Kuanzia hapo alikuja kila Jumapili mchana, akimsomea gazeti kwa sauti, na ndiye aliyekuwa akimwita kwa jina hata alipoacha kuitika.

Mwaka wake wa mwisho sikuuelewa na sitajifanya niliuelewa. Kulikuwa na siku alizosahihisha makosa ya gazeti bila kukosea hata nukta, na siku aliyoniuliza kama mimi ni fundi wa maji. Alikuwa na hofu, kisha hakuwa nayo. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, au hamsini na saba kwa hesabu ya karani. Mumewe alikuwa amemshika mkono wa kushoto, binti yake wa kulia.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na mdogo mmoja. Ameacha wanafunzi tulioshindwa kuwahesabu. Wakuu wa darasa wametupa orodha mbili na hazilingani.

Watu wameniuliza tangu Alhamisi kama hatimaye nimeamua ile sauti ilikuwa ya nani. Sijaamua. Nimejaribu usiku na mchana, na kila ninapokaribia upande mmoja, upande wa pili unanivuta. Ninalojua ni kwamba alikuwa na mlango wazi wa kutokea, sote tukimsukuma apite, naye akakaa ndani na aibu yake kwa sababu hakuwa na hakika. Sijui kama mimi ningekaa.

Dada, sasa ni zamu yako ya kupumzika. Tuliyoshindwa kuyajua tutahangaika nayo sisi. Lala kwa amani.