Habari Ambayo Hezekia Hakuitoa

Kijiwe cha Matongo kiko nje ya banda la kuziba pancha, jirani na karasha za kusaga mawe ya dhahabu, na kahawa ni ya Mama Wegesa. Kwa kelele za karasha, ukikaa pale lazima upaze sauti, kwa hiyo hata siri zao husikika hadi kisimani. Asubuhi hiyo walikuwa wanamjadili Hezekia, mtoto wa hapahapa, aliyestaafu jana huko Dar es Salaam baada ya kuitumikia televisheni tangu ujana. Kituo chake kilimuaga kwa kipindi kizima, na Matongo ikajazana kwa Mama Wegesa kukiangalia. Mzee Kisyeri alikaa mbele kabisa, naye alikuwa na sababu. Mwanawe Mokami aliangukiwa na kifusi akiokota mawe ndani ya mgodi. Maiti ikapakiwa kwenye gari la polisi, na mpaka leo Kisyeri hajui ilizikwa wapi. Hezekia ndiye aliyekuja na kamera siku ile, tena gari lilipoondoka alilifuata. Miaka yote hiyo Kisyeri amekuwa akingoja habari itoke, walau asikie kaburi liko wapi.

— Huyo tumemlea sisi! — alisema Nashoni, ambaye kwa umbea wake wanamwita Redio Mbao. — Ameanza na kiredio cha kaseti, anarekodi bei za ng'ombe mnadani. Mimi ndiye nilikuwa namshikia maiki.

— Ulikuwa unashika ng'ombe, — alisema Simioni. Huyu ni Wakili. Aliwahi kuitwa shahidi mahakamani Tarime, na tangu hapo hamalizi sentensi bila kutaja kifungu.

— Akaenda Mwanza, akaenda Dar, tukamwona na tai anasoma habari. Halafu akapotea kwenye kioo, tukasema amefukuzwa. Kumbe wamempa ukubwa! Yeye ndiye anasema hii itoke, hii isitoke.

— Basi na ya Mokami alisema isitoke. Kifungu kiko wazi.

— Lakini jana ameitaja, — alisema Mama Wegesa akimimina.

Aliitaja kweli. Karibu na mwisho aliulizwa ni habari gani inamuuma mpaka leo. Hezekia akavua miwani, akasema: "Nyumbani kwetu nilipiga picha maiti ya kijana. Haikuwa na mwenyewe. Sikujua nimwite nani, sikuitoa." Baada ya hapo wakakata keki, watu wakapiga makofi.

Kisyeri hakupata usingizi. Alikuja kijiweni na hasira zake.

— Amenunuliwa, mura! — alisema Redio Mbao. — Amepewa tofali zima la dhahabu. Analala nalo kitandani, mke analala chini.

— Si dhahabu, — alisema Wakili. — Kule studio kuna kioo kinaleta maneno, wewe unasoma tu. Kioo kikiandika maiti haina mwenyewe, utabishana nacho?

— Na kioo kinaandikwa na nani?

— Wazungu. Kwa setilaiti. Ukitaja jina la Mokami wanazima. Jana umeme si ulikatika?

— Umekatika kipindi kimeisha.

— Ndiyo hivyo! Wamechelewa kubonyeza.

— Mimi nawaambia yule wa jana si Hezekia, — alisema Redio Mbao akishusha sauti bila kufanikiwa. — Hezekia alikuwa na mwanya. Yule wamemchora kwa kompyuta, Hezekia mwenyewe wamemficha kisiwani.

Kisyeri aliweka kikombe chini kwa nguvu.

— Niacheni na kompyuta zenu! Mtu amekula ukubwa maisha yake yote, leo anasema mtoto wangu hana mwenyewe. Mimi ni nani basi? Mama yake amekufa anauliza kaburi. Tumemzika pale nyumbani kwangu, pembeni yake tumeacha nafasi ya Mokami. Mpaka leo ni nyasi tu.

— Pole, tata, — alisema Mama Wegesa. — Si ungempigia simu?

— Nimpigie nimwambie nini?

Hapo ndipo Okinyi, kijana wa bodaboda wa Sirari, alipoingia anasukuma pikipiki yenye pancha.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Alikaa ukingoni mwa benchi kusubiri, akapewa kahawa, akayasikiliza mambo ya Mokami na ya setilaiti kwa adabu. Kisha akasema:

— Na mimi nimemwona Hezekia jana. Sasa, siku ile amekuja na kamera, si aliuliza huyu ni mtoto wa nani? Mlimjibu nini?

Redio Mbao alinyoosha kikombe aongezewe kahawa. Wakili akauliza pancha iko gurudumu gani. Wote walikuwepo siku ile. Ilikuwa inasemwa kwamba ukijitokeza kuwa ndugu wa mvamizi, yaani aliyeingia mgodini bila ruhusa, nawe unakamatwa kama mvamizi. Kwa hiyo waokota mawe walikuwa na desturi yao: mwenye kalamu au kamera anapewa jina la uongo, na maiti husemwa haijulikani. Hezekia aliondoka kijijini Mokami hajazaliwa, hakuijua ile sura. Alipita na maiki kwa kila mtu, na kila mtu akakana, mpaka akafika kwa Kisyeri. Alimwuliza taratibu, kwa Kikurya, kama mtoto anavyomwuliza baba: tata, huyu ni wetu? Kisyeri alimtazama mwanawe usoni, vumbi likiwa bado kwenye kope. Akajibu kwa Kiswahili, kama mgeni:

"Simjui. Si wa huku."

Okinyi aliona nyuso zimebadilika, akaogopa kwamba amekosea adabu.

— Au wewe hakukuuliza, mzee? — alisema kwa upole.

Benchi zima lilikuwa linamtazama Kisyeri, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia kujibu.