Mzee Hermani na Nyumba Namba Saba

Baba zangu, mama zangu na viongozi mliofika hapa Nambis, shikamooni. Mimi ni Oliva, binti wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wake, mnivumilie sauti ikikatika.

Hermani Bura alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Nambis, mtoto wa tatu wa Mzee Bura na Mama Marieta, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza ufundi kwa mjomba wake kule Basotu. Tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa na halmashauri kuwa fundi wa nyumba za watumishi, na tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa na mama yetu Kornelia, wakajaliwa watoto watano na wajukuu tisa.

Walimu na wauguzi waliopangiwa kazi huku kutoka mikoa ya mbali walimjua kwa desturi moja, kwamba hakabidhi ufunguo kabla hajapanda juu ya bati na ndoo za maji, akamwaga, akashuka, akaingia kutazama kama dari inavuja, na wengi walimcheka wakiwa wamesimama juani na magodoro yao.

Septemba 2009 aliambiwa afanye haraka, akakabidhi Nyumba Namba Saba bila kumwaga maji, na mvua za Desemba zilipokuja dari iliyooza ikamwangukia muuguzi Yusta, ikamvunja mkono. Baba aliandika mwenyewe kwamba kosa ni lake, nyumba ikafungwa, akaomba bati mwaka hadi mwaka, akajibiwa asubiri bajeti, akastaafu 2017 kufuli likiwa bado mlangoni. Jambo hilo lilimuuma sana.

Novemba 2024 aliugua ini, akalazwa hospitali ya Haydom, akarudishwa nyumbani. Januari tulisikia Namba Saba imeezekwa upya, akanituma niende na ndoo yake, fundi Felician akanishikia ngazi. Niliporudi nilimwambia, "Baba, ni kavu kabisa." Akasema, "Basi nimemaliza." Tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, alitutoka.

Tunawashukuru madaktari, watumishi wenzake, majirani waliochimba kaburi kwenye mawe haya, na Sista Yusta, aliyemsamehe siku nyingi na kumuuguza mwezi mzima.

Ninyi wa halmashauri, sikusimama hapa kuwaaibisha. Nilimdanganya baba yangu. Pembe ya jikoni ya Namba Saba inavuja, Felician aliona, na mwalimu mpya anahamia Jumatatu. Nawaomba ufunguo usitoke kabla pembe ile haijazibwa.

Baba, nisamehe. Ndoo yako ninayo, nitapanda tena. Lala kwa amani.