Gamboti za Marehemu Mzee Wangu

Ndugu zangu, mnicheke sasa mmalize. Mnanijua. Kwa hii kanisa hakuna mtu sijaiga vile anatembea. Hata pasta, anisamehe.

Basi mguu yangu ikaanza kuuma. Hapa nje, chini ya kifundo, inazunguka nyuma kwa kisigino. Nikikanyaga, moto. Nikaanza kuchechemea, na nawaambia, aibu iliniuma kuliko mguu. Nikasema, leo wataniiga mimi! Nikaficha. Kwa shamba ya chai nachuna nikisimama, kuhama natambaa, kikapu kwa mgongo. Mtu akipita naruka juu, namsalimia: "Chamgei!" Kama mzima.

Mzee wa kukanda akaniambia, "Ni paridi, mama, paridi tu!" Yaani baridi. Akakanda, ikavimba kama kiazi.

Siku moja kijana yangu akanikuta kwa magoti. Hakucheka. Afadhali angecheka. "Mama, hii chai tukodishie mtu." Chai yangu! Ndio nikakubali hospitali.

Huko kuna msichana wa mazoezi ya viungo, kasauti kembamba, akaniita nyanya kwa lugha yetu: "Gogo, shambani unavaa nini?" Nikasema, gamboti, zile buti za mpira za marehemu mzee wangu, baba ya watoto. "Zilete."

Nikazipeleka, akasimamisha moja juu ya meza. Ikaanguka upande. Akaisimamisha tena, ikaanguka. Si mnakumbuka mzee alikanyaga kwa nje? Alikula soli upande moja, na mimi nikavaa tu, sikuweza kuzitupa. Nikatamani kuingia chini ya hiyo meza. Akasema kuna mishipa inapita nyuma ya kifundo. Kiatu imelala, shamba ni mteremko, hiyo mishipa inavutwa kutwa nzima. "Si baridi, gogo. Wala si uzee."

Akaniambia nipumzike, nisikandwe, nivae gamboti mpya. Ikitulia, nifunge mpira wa tyubu ya baiskeli kwa mguu ya kitanda, niingize mguu yangu, nisukume unyayo kwa nje. Halafu nisimame mguu moja, kuku wananiangalia! Miezi ikapita, pole pole uchungu ikaisha.

Na nyinyi akina mama, mlinichunia chai hiyo miezi yote. Asanteni. Kumbe mlijua zamani! Huyu hapa aliniambia juzi, "Tuliona kikapu inatembea peke yake kwa majani." Na hakuna hata mmoja aliniiga. Hapo ndio sijui niweke uso wapi.

Mkifika nyumbani, wekeni kiatu ya shamba juu ya meza. Ikianguka, usitambae kama mimi. Sema.