Papa Benoît na majani ya muhogo ya Lubunga

Ndugu wapendwa, majirani na wanafunzi wa marehemu, mimi ni Chimène, binti yake wa pili, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Papa Benoît Ramazani.

Papa alizaliwa Ubundu tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli, akasoma shule ya msingi hukohuko, akaletwa Kisangani kwa masomo ya sekondari, akapata Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1976 na licence, yaani shahada, ya biolojia mwaka 1982, kisha akafundisha chuo kikuu miaka thelathini na saba. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Mama Colette hapa Lubunga, ng'ambo hii ya mto wa Kisangani, wakajaliwa watoto wanne.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilihusu RNA ndogo, yaani vipande vifupi mno vya ujumbe ndani ya jani, ambavyo, jua likizidi na maji yakikosekana, hunyamazisha baadhi ya maagizo ya kukua, mmea ukatunza nguvu zake mpaka mvua irudi. Januari 2016, baada ya wiki tano za ukame, alichuma majani ya muhogo katika mashamba ya hapa, akayafunga katika mifuko arobaini, na kwa kuwa RNA huharibika upesi kwenye joto, akayaweka kwenye barafu ya friji yetu, yakisubiri kuvushwa mto kwenda maabara.

Sasa niungame mbele yenu. Jumamosi tarehe 30 Januari, familia ya mume wangu Désiré ilikuja kunichumbia, wakafika wengi kuliko tulivyotarajia, pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikapunguka, nami nikafungua ile mifuko, nikatwanga, nikapika kwa mawese, na Papa mwenyewe akala sahani mbili. Jumatatu aliwaambia wenzake kwamba umeme ulikatika na majani yakaoza. Mimi niliona nimeiua kazi yake, nikaogopa, nikanyamaza. Mwaka uliofuata alichuma mengine, majibu yakatoka 2019, na wakulima wengi wa Lubunga wakachagua miti ya muhogo ya kupanda kwa ushauri wake, lakini moyo wangu haukutulia.

Ugonjwa wa figo ulimwanza Novemba 2023. Tarehe 18 Mei mwaka huu wa 2025, hospitalini, nilimwambia yote nikilia, naye akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, akasema: «Chimène, nilijuaka tangu siku ile. Bon, ningesema nini mbele ya bakwe, bakukatae?» Nilirudi nyumbani mwepesi, na tarehe 3 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, Papa alituaga bila maumivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na viti, na wenzake wa maabara, ambao leo wamesikia kwa mara ya kwanza kwamba umeme haukukatika.

Pondu mtakayokula mchana huu nimeinunua sokoni mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Papa.