Felicitas Kokugonza, Aliyemkinga Mkimbiaji Wake

Baba Paroko, ndugu na majirani, naitwa Elieth, shangazi wa marehemu. Nimeambiwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Felicitas Kokugonza Rutaihwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 2001 hapa Ijuganyondo, mtoto wa tatu wa kaka yangu Damian na mkewe Joanitha. Shule ya msingi alisoma hapa hapa. Akiwa darasa la sita alimng'oa jino mvulana aliyekuwa akimpiga rafiki yake, na baba yake alipomchapa hakutoa chozi wala kuomba radhi. Sekondari alisoma Muleba, na mwaka 2022 akajiunga na chuo cha ualimu, somo la elimu ya michezo.

Kazi aliyoipenda ilikuwa utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Alitaka kujua kama wanamichezo wa chuo wenye pumzi na misuli imara ndio wanaocheza vizuri mechi inapoelekea mwisho. Aliwarukisha kamba, akawakimbiza milimani, akawapima mapigo ya moyo. Akija likizo alitupima hata sisi. Katekista wetu aliambiwa mapafu yake ni ya mtu anayefundisha akiwa amekaa, na tangu siku hiyo pikipiki hapandi, anakuja kanisani kwa miguu.

Hakuolewa. Waliokuja kuposa aliwaambia wasubiri amalize chuo.

Kuugua pia hakuugua. Felicitas aliuawa. Asubuhi ya Jumamosi, 8 Machi 2025, alikuwa akimpima mwanachuo mwenzake, Nathanieli, kwenye mlima wa njia ya Kemondo. Nathanieli alitangulia mbio, yeye nyuma na filimbi mdomoni. Mtu akaona msichana anamkimbiza kijana, akaamua kijana ni kibaka. Hakuuliza. Akapiga enduru. Tunajua sote, yowe hilo likilia kila mwanamume hutoka na alichonacho, na asiyetoka hutiliwa shaka. Wakatoka migombani na mapanga, marungu na mawe. Wakamvunja Nathanieli mguu. Felicitas akamlalia juu, akilia, "Hajaniibia. Ni mwenzangu, tuko mazoezini." Mmoja akajibu, "Huyo ni hawara yake, anamkingia kifua." Wakaendelea kupiga, sasa wakimpiga yeye. Rungu likampasua kichwa. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 10, bila kufumbua macho.

Ameacha wazazi, kaka wawili, bibi yake Kokuhirwa, na mimi. Nathanieli ni yule pale kwenye kiti, mguu una plasta. Yuko hai kwa sababu ya mtoto wetu.

Polisi wameuliza kijiji kile kizima, na kijiji kizima eti hakikuona kitu. Nathanieli alikuwa kifudifudi, hakuona sura. Nyinyi mliona. Nawaona mmesimama kule nyuma, mmevua kofia, mmekuja kufukia. Kwetu mtu hafukuzwi msibani, kwa hiyo kaeni, mle. Lakini jembe hampewi. Watafukia wanachuo wenzake.

Kokugonza, mwanangu, pumzika kwa amani ya Bwana. Na nyinyi usingizi uwakatae, mpaka mmoja wenu amtaje aliyeshika rungu.